Bakuli la Baba Ndani ya Maikrowevu

Leo nimeadhirika. Mbele ya shehe, mbele ya shangazi zangu, mbele ya nusu ya mtaa, tena nikiwa nimejifunga kanga ya marehemu mama kiunoni. Kaeni vizuri niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na majirani, maana wao wataongeza chumvi.

Kwanza mjue leo ilikuwa arobaini ya mama. (Pole zenu nilizisoma zote. Sikujibu hata moja. Mnisamehe.) Ndugu wameanza kuingia Tabora tangu juzi, kutoka Nzega na Igunga. Uani tumefunga turubai, masufuria ya pilau yako juu ya mafiga, shehe na wenzake wameketi kwenye mikeka. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa baba.

Baba hali. Tangu tumzike mama anakunywa chai ya rangi na uji mwepesi, basi. Ukimpelekea ugali anakwambia ameshiba. Ameshiba nini, hasemi. Anajilaza ameuelekea ukuta, na mashati yake yote sasa yamekuwa ya mtu mwingine. Nimempikia mpaka nimechoka. (Kusema kweli, wali wangu hata kuku wetu huufikiria kwanza.) Lakini shida si upishi, najua. Shida ni kwamba anayeleta chakula si yule.

Shangazi Mwamvua, dada mkubwa wa baba, aliyatazama hayo tangu alipofika, na leo asubuhi akatoa hukumu. Aliniita pembeni, mwiko mkononi.

"Maganga, dua ikiisha tunaondoka na baba yako. Anakwenda kwangu Igunga."

"Shangazi, kwake ni hapa. Na mama amelala hapa hapa."

"Ndiyo, na yeye atamfuata hapo hapo kwa njaa. Wewe mwanangu unajua spana. Mzee halishwi spana."

Mimi ni fundi pikipiki, kwa hiyo neno hilo lilinipata. Niliwaza tu nyumba hii bila mama, halafu bila baba, nimebaki mimi na kuku. Nikamuuliza, "Na akila leo?"

"Akila chakula cha maana, nikamwona kwa macho yangu haya, nitafunga mdomo. Lakini hatakula."

Nikaingia jikoni nikiwa na kazi moja tu duniani. Baba ale kabla dua haijaisha.

Sasa niwaeleze kuhusu ile maikrowevu. Dada yangu Zuhura, anayeishi Dar, alimnunulia mama maikrowevu kifua chake kilipoanza kusumbuliwa na moshi wa mkaa. Mama aliipokea kwa shukrani nyingi. Akaifuta vumbi, akaitandikia kitambaa alichokifuma kwa mikono yake, na hakuipikia hata siku moja. Aliigeuza kabati. Sukari humo, majani ya chai humo, hiliki humo. Alikuwa anasema hilo ndilo kabati pekee ambalo panya wa Tabora hawajajua kulifungua. Dada akipiga simu kuuliza kama maikrowevu inafanya kazi, mama anamjibu, "Inafanya kazi sana, mwanangu, Mungu akubariki." Wala hakuwa anadanganya.

Tangu afariki sikuwahi kuufungua mlango ule. Chai nimekuwa nikinywa bila sukari nikijidanganya kwamba ni kwa ajili ya afya. Leo, kwa kuwa wageni walitaka sukari, niliufungua. Nyuma ya kopo la sukari nikakuta kifurushi, kipande cha kanga kuukuu kimefungwa fundo. Fundo la mama nalijua, halifunguki mpaka utumie meno. Nikatumia meno. Ndani kulikuwa na matobolwa.

Kwa ninyi wa pwani, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama soli ya kiatu. Huliwa na chai. Hayo yalikuwa ya mwisho aliyoanika mama. Nilimwona siku hizo, ameketi kwenye kigoda na fimbo yake akifukuza kuku, huku akikohoa. Nilipita nikamwambia apumzike. Nikaenda zangu kazini.

Nilikaa kwenye kigoda kile kile nikayanusa. Niliumia sana, sitawaficha.

Halafu akili ikanijia. (Ingebaki huko huko ilikokuwa ingekuwa heri.) Kila jioni baba alikuwa anakula matobolwa na chai, na kwa kuwa meno yake yameshaaga, mama alimlainishia kwanza jikoni kwa mvuke. Kama kuna kitu duniani kitapita koo la baba, ni hiki. Lakini majiko yote yako uani chini ya ulinzi wa shangazi. Nikitoka nayo watayaona, nao watasema kila mtu aonje kidogo mkono wa marehemu, na hadi yamfikie baba litakuwa limebaki fundo la kanga tu. Nikaitazama maikrowevu. Nayo, kwa mlango ule wazi, ikawa kama inanitazama.

Nikampigia dada, aliyekosa ruhusa kazini.

"Dada, nifundishe kupasha chakula kwenye kabati la mama."

"Kabati gani?"

"Maikrowevu."

"Kwa hiyo muda wote ule alikuwa anaweka..."

"Sukari," nikasema. "Na hiliki."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikasubiri. Alipotulia akasema, "Haya, nisikilize vizuri. Usiweke chuma humo ndani. Chuma chochote. Na kama ni kitu kikavu, hakikisha..."

Mlango ukafunguka. Shangazi anataka hiliki. Nikakata simu, matobolwa nikayaficha chini ya kanzu, hiliki nikampa. Alinitazama tumbo, akaondoka. Nikaona hakuna haja ya kumsumbua dada tena. Nimeshaelewa, usiweke chuma. Chuma nakijua mimi. Nashinda nacho, nakula mikono ikinuka chuma. Hakuna chuma kitakachonidanganya.

Nikachukua bakuli la baba.

Baba hali kwenye chombo kingine, hilo kila mtu nyumbani analijua. Ana bakuli lake la bati, jeupe, lenye maua mekundu, ambalo mama aliingia nalo nyumba hii siku alipoolewa. Mgeni akipakuliwa humo kwa bahati mbaya, baba husema hana njaa mpaka mgeni amalize. Kumpelekea baba matobolwa ya mama kwenye sahani ya plastiki ilikuwa ni sawa na kutompelekea kabisa. Na mimi bakuli lile nimelijua tangu natambaa. Kichwani mwangu lile ni bakuli, si chuma. Ni nani amewahi kuona chuma chenye maua? (Ukingoni rangi ilikuwa imebanduka, chini yake ni weusi mtupu. Nikauona weusi ule. Nikadhani ni uzee.)

Nikapanga matobolwa makavu ndani ya bakuli. Maji sikuweka, maana pale dada alipoanza kunieleza habari ya kitu kikavu ndipo shangazi alipoingia. Nikatoa majani ya chai na vikorokoro vingine. Kitambaa cha mama cha juu nilikishika nikiondoe, kwa vile kilikuwa kimeshuka na kufunika vile vitundu vya pembeni. Nikashindwa. Mikunjo yake ilikuwa ile ile aliyoiweka yeye. Nikakiacha.

Ili kanzu yangu isichafuke kabla ya dua, nikachukua kanga ya mama iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, nikajifunga. Imeandikwa WASEME WATACHOKA. (Hawajachoka hadi sasa.) Kuhusu muda, nilipiga hesabu za fundi. Kwenye mkaa mama alikuwa anayaacha nusu saa. Mashine ya kisasa, nikaipa dakika kumi, nikabonyeza.

Mnaijua radi ya Tabora, ile ya mvua za kwanza? Basi ilikuwa humo ndani. Cheche za buluu zinazunguka ukingo wa bakuli, tra-tra-tra, maua yanawaka moja baada ya jingine. Mtu mwenye akili angechomoa waya. Mimi nilisimama nimeinama, mikono magotini, nikajiambia huenda ndivyo inavyofanya kazi.

Kisha moshi. Kwanza wa matobolwa, halafu na wa kitambaa. Ndani nikaona kimoto kidogo, cha kuzima kwa pumzi. Nikaufungua mlango ili nikipulize. Kikapata hewa. Kile kimoto kidogo kikanirukia usoni, na nyusi ya kushoto ikaenda. (Msiiulizie. Itaota.)

Hapo sikufikiria nyumba wala waya. Nilifikiria jambo moja, matobolwa ya mwisho ya mama yanaungua ndani ya bakuli la baba. Nikalinyakua kwa pindo la kanzu na kutoka mbio kwenye mlango wa uani.

Uani shehe alikuwa ndiyo kwanza ameinua mikono. Watu wote mikono juu, vichwa vimeinama, kimya, hata watoto. Nami ningeweza kusema "moto." Ningeweza kusema "jamani." Nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Mamaa! Mama, inaungua! Njoo!"

Nyumba hii tangu nipate akili, kitu kikiungua ndilo neno. Maziwa yakifurika, mama. Cheche ya mkaa ikiruka kwenye mkeka, mama. Na kila mara alikuja, akilalamika, lakini alikuja. Mdomo wangu ulikuwa haujapata habari ya msiba.

Nilisimama pale, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, kanga kiunoni, nyusi moja, bakuli linafuka moshi, namwita mtu ambaye wao walikuwa wanamwombea dua ya arobaini. Bakuli likanizidi joto nikaliweka chini, mbele ya shehe. (Mkeka wake una duara jeusi. Amesema hana neno.) Wanaume wawili wakakimbia jikoni wakazima umeme na kumwaga mchanga. Mimi nikakaa chini nikalia. Niliposema ni moshi, hakuna aliyeniamini, na mimi sikujiamini.

Shangazi alisogea na mwiko wake akaliangalia bakuli. Ningependa anigombeze. Akasema kwa sauti ya chini tu, "Unaona mwenyewe, mwanangu. Nitamfungia baba yako nguo zake."

Ndipo aliposimama Bi Tatu.

Bi Tatu ni jirani wa ukuta mmoja. Ni Mzaramo, alimfuata mumewe aliyekuwa mtu wa reli, mume akafa, yeye akabaki huku huku. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kwenda pwani, wakifika kwao wamechoka na njaa. Kwa hiyo msibani kwetu Bi Tatu ana haki zake. Ruksa kututukana, ruksa kutuibia kuku, ruksa kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke, na hakuna wa kukasirika. Yeye na mama walitukanana juu ya ukuta ule kila asubuhi, ndipo siku ianze. Lakini siku ya mazishi hakufanya kazi yake. Watani wengine walijilaza kaburini wakizuia mama asizikwe mpaka wapewe kuku. Bi Tatu alikaa kando na mtandio wake, hakutamka neno. Watu wakasema, mtani gani huyu.

Leo alinijia moja kwa moja, akaifungua kanga kiunoni mwangu bila kuomba, akajifunga yeye. Alijifunga kama mama, upande mmoja juu kidogo. Akashika kiuno kama mama mgongo ulipokuwa ukimuuma. Halafu akatembea kutoka turubai mpaka mafiga, na ule ulikuwa mwendo wa mama kabisa, ule wa kuvuta kandambili ya kulia. Shehe akashusha mikono.

"Maganga," akasema, na sauti ilikuwa ya mama. "Maganga, mwana wane. Nimetoka kidogo tu, umeshanichomea kabati?"

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke.

"Sukari yangu umeiweka wapi? Leo panya watafanya harusi. Na kanga yangu umeivaa ya nini, unaolewa?" Akawageukia ndugu zangu wote, na hapo akawa Mzaramo mwenyewe. "Wanyamwezi nyie! Mlibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu, leo mmeshindwa kubeba bakuli kutoka jikoni!"

Ua wote ukapasuka kwa kicheko. Shangazi Mwamvua alicheka ameegemea sufuria. Hata mimi nilicheka, na machozi bado yananitoka. Kisha kicheko kikaanza kukatika upande wa nyumba, nikageuka kuona kuna nini.

Baba alikuwa mlangoni. Ametoka mwenyewe, hajaitwa na mtu, ameshika fremu ya mlango. Alikuwa ameisikia sauti. Alikuwa anaitazama ile kanga.

Niliogopa. Nilidhani Bi Tatu ataacha. Hakuacha. Aliliinua bakuli kwa pindo la kanga, akalipeleka barazani, akaliweka mbele ya baba na kumwambia maneno ambayo mama alimwambia kila jioni ya Mungu:

"Haya mzee, kaa ule. Chai inakuja."

Baba akakaa. Akachungulia ndani ya bakuli. Yale matobolwa yalikuwa makaa.

"Umeunguza," akasema.

"Nimeunguza. Tangu unioe nimekuunguzia mara ngapi?"

Baba akafikiri kweli, uso umemkunjamana. "Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi kula."

Akachukua moja, akalikwangua kwa ukucha mpaka akafikia katikati, palipokuwa bado na wekundu kidogo. Akalitia mdomoni. Ukoo mzima ukatulia ukitazama taya za mzee mmoja. Alitafuna kwa ufizi, polepole, kisha akameza. Akachukua la pili.

Bi Tatu alifungua mdomo aseme neno jingine la mama, na sauti ikamkatalia. Akajifunika uso kwa ile kanga, akaketi pale pale chini akalia kwa sauti yake mwenyewe.

"Mtani wangu," alikuwa anasema. "Umeniacha na ukuta. Nani atanitukana mie asubuhi?"

Tulishtuka. Mtani halii kwenye utani, haijapata kutokea. Hakuna aliyejua la kufanya. Aliyejua ni baba. Aliinua kichwa, akaacha kutafuna.

"Wewe Mzaramo," akasema. Alikuwa hajamwita mtu yeyote kwa jina lolote tangu mazishi. "Mtani halii kwenye msiba wa Mnyamwezi. Hiyo ni faini. Utatoa jogoo."

"Jogoo sina," Bi Tatu akajibu ndani ya kanga.

"Utakuwa umemla wewe. Ni yule yule uliyemwiba kwangu." Akamwangalia tena, macho yake yamejaa. "Uje asubuhi ukutani. Nitakutukana mimi."

Halafu akamgeukia dada yake. "Mwamvua, Igunga siendi. Nikiondoka, huyu atachoma nyumba."

Shangazi alijifuta macho kwa mkono ulioshika mwiko, akajipaka bizari shavuni. Hakusema kama matobolwa yaliyoungua ni chakula cha maana au si cha maana. Alisema tu, "Mpakulieni kaka yangu pilau."

"Kwenye bakuli langu," baba akasema.

Likaoshwa, likapakuliwa. Maua ya upande mmoja yameungua yote, yamebaki ya upande wa pili. Baba alikula akiwa amelishika kwa mikono miwili. Hakumaliza, lakini alikula. Kisomo kikaendelea.

Jioni dada alipiga simu, nikamweleza, nikapewa somo lote ambalo asubuhi lilikatika. Bati ni chuma hata likichorwa maua. Kitu kikavu huwekewa maji kidogo. Vile vitundu ndiyo pumzi ya mashine, havifunikwi hata na kitambaa cha mama. Na ukiona moto ndani, usifungue mlango, ni kuzima na kuchomoa waya tu, moto utakufa wenyewe kwa kukosa hewa. Nikamwambia asante. Akauliza, "Baba amekula?" Nikamwambia amekula.

Maikrowevu imekufa, haiwaki tena. Lakini mlango bado unafunga. Nimeikwangua masizi, nimeirudishia sukari na hiliki. Matobolwa machache yaliyobaki na wekundu katikati nimeyafunga kwenye kile kipande cha kanga, nikayaweka nyuma ya kopo pale pale yalipokuwa. Fundo nimejaribu mara nyingi. Langu linafunguka lenyewe.

Basi hayo ndiyo yaliyonipata. Wazaramo, haki yenu mnayo, chekeni mpaka mbavu zivunjike. Ninyi wengine naomba mtulie, kwetu msiba bado ni mbichi.